Wageni Waje, Lakini Mikoko Ibaki



Somo hili ni maoni yangu. Si amri. Lisome, ulipime, kisha ubishane na wenzako darasani. Mkikubaliana nami, vizuri. Mkinipinga kwa sababu, vizuri zaidi.

Karatasi ya kurasa nne

Jioni moja nilikwenda kukagua darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha pwani. Darasa lilikuwa chini ya mwembe. Wanakisomo walikuwa 18, na 12 kati yao walikuwa akina mama. Kabla hatujaanza, Mwenyekiti wa Kijiji alifika na karatasi mkononi. Alisema, "Mwalimu, juzi alikuja mgeni kwa boti. Anataka kujenga kambi ya watalii kando ya mikoko. Ametuachia karatasi hii. Anataka tutie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi."

Nikamjibu, "Bwana Mwenyekiti, basi karatasi hii iwe somo letu la leo."

Aliyesoma alikuwa mama mmoja mwenye wajukuu. Miaka mitatu nyuma alikuwa akitia dole gumba. Sasa alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Ukurasa wa kwanza ulisifu uzuri wa pwani yetu. Ukurasa wa pili uliahidi ajira. Katika ukurasa wa tatu alifika mahali palipoandikwa kwamba kijiji kinaikabidhi kampuni ardhi ya ukingoni pamoja na msitu wa mikoko ulio mbele yake, kwa miaka 33, kwa matumizi ya kampuni peke yake.

Mama akanyamaza. Akarudia neno la mwisho: "Peke yake." Kisha akatuuliza, "Na chaza wetu tutawaokota wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Swali lake ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Maoni yangu ni haya. Wageni waje. Fedha zao ni halali na kijiji kinazihitaji. Lakini utaratibu uwekwe na kijiji kabla mgeni wa kwanza hajafika. Utaratibu unaowekwa baada ya wageni kuja, huwekwa na wageni.

Kazi ya mikoko

Wewe unayekaa pwani unaijua mikoko kuliko mimi. Unaujua mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui. Unaujua mchu, ambao mizizi yake huchomoza juu ya tope kama penseli nyingi. Unaujua mkandaa, msindi na mkomafi. Lakini tukumbushane kazi tatu za msitu huu.

Kazi ya kwanza ni malezi. Kamba, kaa na samaki wa aina nyingi hukulia katika mizizi ya mikoko wakiwa wadogo. Samaki wakubwa hawawezi kuwafuata humo. Mvuvi anayetega mbali na pwani huenda anavua samaki aliyelelewa katika mikoko ya kijiji chake. Msitu ukifa, wavu wake utarudi mtupu, na huenda asijue sababu.

Kazi ya pili ni ulinzi. Mizizi hushika tope lisichukuliwe na maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, mikoko huvunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika mashambani na visimani.

Kazi ya tatu haionekani kwa macho. Mikoko huvuta hewa ya ukaa kutoka angani na kuifungia katika miti na katika tope. Wataalamu wamepima na kuona kwamba hekta moja ya mikoko huhifadhi ukaa mwingi kuliko hekta moja ya misitu mingi ya nchi kavu. Sehemu kubwa imo ndani ya tope. Ukikata mti na kulifukua tope, ukaa ule hurudi hewani.

Tena msitu huu una tabia moja ya pekee. Una nguvu mbele ya bahari, lakini ni dhaifu mbele ya mguu wa mtu. Ile mizizi ya mchu inayochomoza juu ndiyo pua zake. Mti hupumulia hapo. Watu wengi wakipita juu yake, mizizi huvunjika, tope hugandamana likawa gumu, na miche mipya haioti. Shoka huua mti siku moja. Miguu huua msitu polepole, na hakuna anayekamatwa.

Misitu ni mali, lakini mali ya namna gani?

Wazee wetu wa kisomo wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1980 iliyoitwa "Misitu ni Mali". Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakapanda miti. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nimeyasikia kwa waalimu wangu.

Mikoko imekuwa mali kwa karne nyingi. Boriti za mikoko zilipakiwa katika majahazi na kupelekwa Uarabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti mikubwa. Ziliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Hata upana wa vyumba katika nyumba za kale za mawe za pwani yetu ulifuata urefu wa boriti. Magome ya mkandaa yalitumika kutia rangi na kulainisha ngozi.

Mali hiyo ilikuwa na sharti moja: ili uipate, lazima uukate mti. Ukataji ukazidi. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje mwaka 1982. Tanzania nayo ilipiga marufuku ukataji mwaka 1987, na tangu hapo sheria imekuwa ikikazwa na kulegezwa.

Utalii umeleta jambo jipya. Mgeni hanunui boriti. Analipa ili auone mti umesimama, amwone kaa akipanda juu ya mzizi, amsikilize ndege. Kesho anakuja mgeni mwingine, anaulipia mti ule ule. Kwa hesabu hiyo, mti uliosimama unaweza kuuzwa mara elfu moja, na bado ukabaki wako.

Nasema "unaweza". Sikusema "utauzwa". Hapo ndipo tunapokosea.

Kosa langu

Nina sababu ya kuonya, kwa kuwa nami nilikosea.

Nilipoanza kazi nilikuwa na cheti kipya na haraka nyingi. Katika kijiji kingine, mbali na hiki, nililishauri darasa lianzishe mradi wa kuwatembeza wageni katika mikoko. Tulifyeka njia kwa panga siku mbili. Hatukuweka mbao. Hatukuweka idadi. Hatukununua hata daftari.

Wageni walikuja. Siku nyingine walifika hata 40. Wakati maji yamekupwa walitembea juu ya tope, na kila mmoja alitafuta mahali pakavu pa kukanyaga. Kwa hiyo njia ya hatua mbili ikawa ya hatua ishirini. Boti za injini ziliingia mkondoni kwa mwendo wa kasi, na mawimbi yake yakaanza kula ukingo.

Mwaka wa pili tope la njia ile lilikuwa gumu kama barabara. Mizizi ya mchu ilikuwa imevunjika. Kaa walihama. Akina mama waliokuwa wakiokota tondo mahali pale walilazimika kwenda mbali zaidi, na kurudi maji yakiwa yamewafika kiunoni.

Na fedha je? Zilikusanywa na vijana watatu, zikatiwa mfukoni. Hakuna aliyeandika kiasi kilichopokelewa. Vijana walisema ni kidogo. Wazee walisema ni nyingi. Baba mmoja na mwanawe waliacha kuamkiana. Mwishowe wageni wenyewe waliacha kuja. Walikuwa wakitafuta msitu, wakakuta tope lililokanyagwa na chupa za maji.

Vijana wale hawakuwa wezi, na wageni wale hawakuwa wabaya. Tuliwakaribisha kabla ya kutandika mkeka. Kosa lilikuwa letu, na zaidi lilikuwa langu.

Wenzetu wamefanyaje?

Wapo waliofanya vizuri zaidi. Twende Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale. Mikoko ya Gazi ilikatwa sana katika miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwanda. Mahali pengine pakabaki wazi. Tangu miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji walianza kuipanda upya. Kazi hiyo ni ya miaka mingi, kwa sababu mti haupandwi Jumatatu ukavunwa Ijumaa.

Akina mama wa Gazi walianzisha mradi wa njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope. Mgeni hutembea juu ya mbao, naye hakanyagi mizizi. Hulipa kiingilio, na akitaka chakula hupikiwa samaki. Wageni wao si watu wa Ulaya tu. Wanafunzi na waalimu wao huenda huko kujifunza.

Tena Gazi hawakutegemea watalii peke yao. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanatunza eneo la hekta 117, yaani karibu ekari 290. Ukaa unaohifadhiwa na msitu ule hupimwa, na watu wanaotaka kusaidia kupunguza ukaa angani hulipia. Fedha zimetumika katika maji, shule na utunzaji wa msitu, na wanakijiji hushiriki kuamua matumizi.

Unguja nako iko Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Watu wengi huenda kumwona kima punju. Lakini karibu na Pete iko njia ya mbao ndani ya mikoko, na vijiji vinavyoizunguka hifadhi hupata sehemu ya mapato ya wageni.

Sisemi kwamba wenzetu hawana matatizo. Mbao huoza kwa maji ya chumvi, na fedha huleta maneno popote. Nasema walianza na njia, vikundi na hesabu. Sisi tulianza na panga.

Masharti manne

Kwa maoni yangu, kijiji kisimpokee mtalii hata mmoja kabla ya kutimiza masharti manne.

*Kwanza, njia na idadi.* Wageni wapite juu ya mbao au ndani ya mtumbwi wa kasia, wasipite juu ya tope. Mbao zenyewe zisikatwe katika msitu ule ule tunaotaka kuuonyesha. Sehemu za akina mama za kuokota chaza, na sehemu za miche, zisiguswe. Kijiji kipange idadi ya wageni kwa siku, na idadi ikitimia, wengine waambiwe waje kesho. Kumwambia mgeni "kesho" si ukosefu wa ukarimu.

*Pili, daftari.* Kila shilingi iandikwe, na kila mgeni apewe stakabadhi. Hebu tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuseme kiingilio ni shilingi 10,000, wageni ni 12 kwa siku, na wanakuja siku 10 kwa mwezi.

12 × 10 × 10,000 = 1,200,000.

Robo yake, shilingi 300,000, iwe ya kutengeneza njia. Robo ya pili iwe ya walinzi na waongozaji. Robo ya tatu iende kwa kikundi kinachoendesha kazi. Robo ya nne iende katika mfuko wa kijiji, kwa zahanati au kisima. Mnaweza kugawa kwa namna nyingine. Lakini mgawo uandikwe na usomwe kwa sauti katika mkutano, ili hata asiyejua kusoma asikie.

*Tatu, ardhi.* Hapa msomaji uwe macho. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya taifa, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kijiji hakina uwezo wa kumkodisha mtu msitu huo. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kufanya makubaliano na serikali ili waisimamie misitu pamoja. Njia hiyo ipo, na tuifuate. Ama ardhi ya kijiji iliyo pembeni, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari, shughuli zinazoweza kuharibu hifadhi ya mazingira.

Tusidhani kwamba wanakijiji hawana sauti. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kuchimba mashamba makubwa ya kufugia kamba katika delta ya Rufiji, penye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya Afrika Mashariki. Wananchi wengi wa delta walipinga, wakaipeleka hoja yao hadi mahakamani. Mashamba yale hayakuchimbwa.

*Nne, tusitupe makasia.* Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoenea, ndege zilisimama na hoteli nyingi za pwani zilifungwa. Aliyekuwa ameuza mtumbwi wake ili awe mhudumu wa watalii hakuwa na mtumbwi wala watalii. Aliyebaki na nyavu na shamba lake la mpunga alikula. Utalii uwe kitoweo. Usiwe ndio ugali wenyewe.

Kijana aliyenipinga

Jioni ile, kijana mmoja alisimama darasani. Alisema, "Mwalimu, mimi sina mtumbwi. Chaza ni mali ya akina mama. Mkimfukuza mwenye kambi, mnaifukuza kazi yangu."

Sikumdharau. Anasema kweli. Kijana asiye na kazi ndiye atakayeingia na shoka usiku kukata nguzo, na hatumzuii kwa hotuba.

Nilimuuliza, "Karatasi inaahidi ajira ngapi?" Akaichukua, akaisoma tena. Ilisema "ajira nyingi". Nikamuuliza, "Nyingi ni ngapi? Za nani? Kwa mshahara gani?" Hapakuwa na namba. Kijana akacheka kidogo, akakaa.

Basi, tusimfukuze mwenye kambi. Tumwandikie namba. Aseme atawaajiri vijana wangapi wa kijiji, katika kazi gani, kwa mshahara gani. Kazi za mwongozaji, mlinzi wa msitu, nahodha, fundi wa mbao na mpishi zinaweza kufanywa na watu wetu. Mgeni mwenye nia njema hataogopa namba.

Wapo pia wanaosema tusipokee mgeni hata mmoja, tuuache msitu kama ulivyo. Nawaheshimu, lakini msitu wetu hauachwi kama ulivyo hata sasa. Unakatwa kwa ajili ya nguzo, mkaa na mashamba ya mpunga. Msitu usio na faida inayoonekana hauna mlinzi.

Barua ya kijiji

Kijiji hakikutia sahihi. Badala yake Mkutano Mkuu uliitishwa, na darasa la kisomo likapewa kazi ya kuandika barua. Mama yule mwenye wajukuu ndiye aliyeandika kwa mkono wake. Barua ilisema hivi kwa ufupi: Msitu si wetu peke yetu, hatuwezi kukukabidhi. Tuko tayari kuzungumza juu ya ardhi iliyo nyuma ya mita 60, mbele ya ofisa wa misitu. Tuandikie idadi ya wageni na idadi ya ajira. Neno "peke yake" lifutwe.

Ninapoandika somo hili, jibu halijafika. Huenda mwenye kambi akakubali. Huenda akaenda kijiji kingine ambako hakuna aliyesoma ukurasa wa tatu. Hilo la pili ndilo linalonisumbua, na ndiyo maana natamani somo hili lifike vijiji vyote vya pwani kabla boti yake haijafika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikija karatasi kijijini kwenu, msikimbilie kalamu. Isomeni yote, mpaka ukurasa wa mwisho. Pale msipoelewa, ulizeni. Kisha nendeni mkaitazame mikoko yenu wakati maji yamekupwa, mhesabu kilichomo, mjue mnazungumza juu ya mali gani.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chako, ni nani anayetumia mikoko, na kwa kazi gani? Mwandike orodha.
2. Kwa nini miguu ya watu wengi inaweza kuua msitu wa mikoko?
3. Kiingilio kikiwa shilingi 5,000, na wageni wakiwa 20 kwa siku kwa siku 8, kijiji kitapata fedha kiasi gani? Mngezigawaje?
4. Mwandishi anasema utalii uwe kitoweo, usiwe ugali. Unakubaliana naye? Toa sababu.
5. Ungekuwa wewe ndiye kijana asiye na mtumbwi, ungeongeza sharti gani katika barua ya kijiji?